Chini ya Soni, Ndani ya Amboni: Kisa cha Familia Iliyoogopa Visivyo

Kabla gari halijatoka Dar es Salaam, kila mtu kwenye familia hii alikuwa ameshachagua cha kuogopa. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, aliogopa popo. Mumewe, yaani shemeji yangu, aliogopa baiskeli za kukodi. Alishajiaminisha kwamba zitakuwa mbovu. Binti yao wa miaka 12 aliogopa mlima, kwamba ataachwa nyuma na kuchekwa. Kaka yake wa miaka 15 hakuogopa kitu. Mdogo wao wa miaka 6 aliogopa kukosa chipsi njiani. Bibi yao mzaa baba, mzaliwa wa Muheza, hakusema anaogopa nini; alisema tu kwamba mapango ya Amboni anayajua. Mimi nilikuwa dereva.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu ingawa watu wote walirudi salama. Mambo mawili yaliyokaribia kuiharibu safari hayakuwamo kwenye hofu ya yeyote kati yetu. Moja lilitokea kwenye mteremko chini ya Soni, barabara ya Lushoto kwenda Mombo, likasababishwa na kitu kilichotoka nyumbani. La pili lilitokea ndani ya pango, likampata mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumuuliza. Wengi wanaoniomba ushauri wa kupeleka familia Usambara na Tanga huuliza kuhusu nyoka, ukungu na giza. Hivyo vipo. Ila havikutusumbua sana.

Ilikuwa Juni. Shule zimefungwa, masika yamekwisha, Usambara iko kwenye baridi yake. Njia ilikuwa Dar hadi Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo, kisha kuiacha barabara kuu ya Arusha na kupanda Lushoto. Jumla kilomita zipatazo 350. Tukishamaliza baiskeli milimani, tungeshuka tena Mombo, turudi Segera, tukunje kushoto kwenda Muheza na Tanga, tumalizie na mapango ya Amboni. Kuna ndugu waliotushauri tuanze na Tanga, watoto waogelee kwanza. Nilikataa na sijabadili mawazo: mtoto akishaonja bahari, kumpandisha baiskeli kwenye kilima asubuhi ya ukungu ni ugomvi wa bure.

Siku ya barabarani haina mengi. Vijiji ni vingi, alama za 50 ni nyingi kuliko vijiji, na baada ya kila alama huenda kuna askari mwenye tochi ya kupima mwendo kasimama kivulini. Anayekimbilia Lushoto hulipia haraka yake kwa faini. Noah yetu ilikuwa na baiskeli mbili juu ya keria, zimefungwa kwa mipira ya tyubu chakavu: moja ya shemeji, moja ya kijana wake. Baiskeli nyingine mbili tungekodi Lushoto, za dada na binti.

Ukaguzi wa upande mmoja

Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda kwa hali yake ya hewa, wakaiita Wilhelmstal. Waongozaji wa utalii wa mjini pale wana baiskeli za kukodisha, na asubuhi ya kwanza tuliletewa mbili pamoja na kijana wa Kisambaa wa kutuongoza.

Shemeji alizikagua kama gari linalotafutiwa kosa barabarani. Alizungusha kila gurudumu kuona kama rimu imepinda. Alibana breki, akasukuma baiskeli mbele na nyuma ikiwa imebanwa. Alivuta cheni kwa kidole, akagonga spoku moja moja akisikiliza ipi imelegea. Zilikuwa na breki za diski, pedi bado nene. Hakupata kosa, akaridhika kwa shingo upande.

Kisha akazishusha zile mbili za nyumbani, akazijaza upepo, basi. Hakuona haja ya kukagua kitu anachokifahamu. Zilikuwa za mtumba, fremu nzuri za chuma, na breki za zamani ambazo raba zake hubana rimu kutoka pande mbili. Tyubu ya nyuma ya baiskeli ya kijana ilikuwa imezibwa pancha mara nyingi na fundi wa mtaani kwao, kwa solusheni na vipande vya tyubu kuukuu. Haikuwahi kumsumbua. Alikotoka nayo ni tambarare, na baiskeli ya tambarare haijui breki ni kazi gani.

Kupanda kulikwisha bila makuu, jambo ambalo binti hakulitarajia. Njia ya Irente, kilomita kama tano hadi kwenye ukingo wa mlima, ina vilima vifupi vinavyokata pumzi. Kwenye kilima cha kwanza alishuka, uso umeiva, akasubiri achekwe. Yule kijana wa Kisambaa naye akashuka yake, akaanza kuikokota. "Mdogo wangu, huku hata wenyewe tunakokota," akamwambia. Toka hapo akamweka mbele ya msafara, na wote tukalazimika kwenda mwendo wake. Hiyo ni mbinu ya kazi, si huruma. Aliye dhaifu akiwekwa nyuma, wenzake humsubiri juu ya kilima, na akifika tu wao wanaondoka. Kwa hiyo anayechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Akiwekwa mbele, hesabu inakaa sawa.

Alimfundisha pia kubadili gia kabla ya kilima, miguu ikiwa bado myepesi, kwa sababu cheni iliyokazwa na uzito wa mwili wote hugoma kuhama au huruka. Kwenye ukingo wa Irente walisimama wakitazama mashamba ya mkonge ya Mazinde mamia ya mita chini yao. Tukanunua mkate na jibini ya shamba la Irente, na bibi, aliyekuja kwa gari, akaisifu jamu akaikataa jibini. Kesho yake walikwenda msitu wa Magamba. Matope kidogo, baridi nyingi, mbega juu ya miti. Binti alirudi akiuliza kama kuna njia ndefu zaidi.

Mteremko

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za lami, na katika urefu huo unashuka zaidi ya mita 900. Barabara inafuata korongo la mto, inapita Soni yenye maporomoko yake, kisha inaanza kujikunja ukutani mwa mlima hadi chini. Ni nyembamba. Malori ya Fuso yenye kabichi na karoti za kwenda Dar hushuka humo, na Kosta hupanda humo zikipiga honi kwenye kona. Mpango ulikuwa waendesha baiskeli watangulie, mwongozaji mbele yao, mimi nyuma na Noah nikiwasha taa za dharura, dada, bibi na mdogo wakiwa ndani.

Siku hiyo tuliamka na ukungu mzito, na hofu yote ikaelekea huko. Tulifanya ambacho mtu mwenye akili angefanya: tulikunywa chai mpaka saa nne, ukungu ukapanda, barabara ikakauka. Uamuzi ule ulikuwa mzuri na sina la kuuongezea, ila kwamba ulitupa amani kupita kiasi. Tulidhani tumeshamalizana na hatari ya mteremko.

Hatari ya mteremko ni joto. Mtu na baiskeli wenye uzito wa kilo 70, wakishuka mita 900, wana nishati ya kuondoa kama kilojuli 620. Anayeteremka kwa kasi humpa upepo sehemu kubwa ya nishati hiyo. Anayeshuka polepole kwa kuogopa, akiwa ameng'ang'ania breki, karibu yote anaiingiza kwenye breki zake, na kiasi hicho kinatosha kuchemsha karibu lita 2 za maji kutoka kwenye joto la kawaida. Breki ya diski hulipokea joto hilo kwenye bamba la chuma lililo mbali na tairi. Breki ya raba hulipokea kwenye rimu yenyewe, na kwenye rimu ndipo tyubu ilipolala.

Kijana alikuwa na jambo jingine lililozidisha. Mtaani alifundishwa, kama tulivyofundishwa wengi wetu, kwamba breki ya mbele haiguswi, utapinduka. Kwa hiyo njia nzima alikuwa anabana ya nyuma peke yake. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: ukiishtua breki ya mbele ghafla huku mwili umeegemea usukani, baiskeli inaweza kukurusha. Lakini unapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, gurudumu la nyuma likawa jepesi, kwa hiyo breki yenye nguvu za kweli ni ya mbele. Anayetumia ya nyuma tu huibana zaidi, muda mrefu zaidi, na joto lote linalipata rimu moja. Ndiyo ile yenye tyubu ya viraka.

Mwongozaji alisimamisha msafara Soni, watu wakapiga picha za maporomoko. Aliwaambia maneno ya kuwafaa: bana breki zote mbili, achia, bana tena, punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake, makalio nyuma, viwiko vimelegea. Akashika rimu ya nyuma ya kijana kwa kidole akakiondoa haraka. "Kaka, hii imepata moto. Tutasimama tena mbele." Wakasimama mara moja zaidi. Lakini baridi ya kipupwe inadanganya, kijana alikuwa anajisikia vizuri, na tabia ya mkono haibadiliki kwa maelezo ya dakika tano.

Mimi niliona kabla yake, kwa sababu nilikuwa nyuma. Gurudumu la nyuma lilianza kucheza kulia na kushoto, tairi limekaa chini kama linatambaa. Nilipiga honi. Alikuwa ameshaingia kwenye kona ya kulia, ukuta wa mlima ukiwa kushoto kwake, na tairi lisilo na upepo halikati kona. Nyuma ilimponyoka, akaanguka ubavu, akateleza na kuishia kwenye mtaro wa maji wa pembeni. Ingekuwa kona ya kushoto angeteleza kuelekea katikati ya barabara, na dakika ile ile ilipita Fuso ikipanda.

Nilisimamisha gari nyuma yake nikiliacha limekaa kwa mshazari ili limkinge, mwongozaji akakimbia kwenda kuweka matawi ya majani barabarani pande zote mbili. Dada alishuka na mkoba wake. Hakumwinua. Alimwuliza jina lake, siku gani leo, tumetoka wapi. Akapapasa shingo, akamwambia asogeze vidole vya miguu. Kofia ngumu ilikuwa imechubuka upande mmoja, na hilo peke yake linatosha kumnyamazisha anayesema kofia ni mambo ya Wazungu. Kiganja na kiwiko vilikuwa vimejaa changarawe. Aliviosha kwa maji ya chupa na sabuni, mawe madogo akayatoa moja moja kwa kibanio, kijana akiuma meno. Wanaopaka dawa ya meno au majivu kwenye kidonda cha lami wanafungia uchafu ndani. Kadi ya chanjo ya pepopunda alikuwa anaikumbuka kichwani, muuguzi wa watu. Kwa saa zilizofuata alimzuia kulala ovyo kwenye gari na alikuwa akimwuliza: unaumwa kichwa? Unajisikia kutapika? Angejibu ndiyo kwa lolote, tungeishia hospitali ya Korogwe.

Bibi yeye alimpa chungwa na kumwambia, "Mjukuu wangu, umelipa kodi ya mlima. Kaa na mimi."

Baiskeli ikapanda juu ya keria. Binti, yule aliyeogopa kuachwa nyuma, alimalizia mteremko wote hadi Mombo na baiskeli ya kukodi, akibana na kuachia kama alivyofundishwa, na baba yake nyuma yake. Mombo mwongozaji akazipakia baiskeli zake kwenye gari la kurudi juu, tukaagana.

Ningetaka msomaji aone mlolongo wake. Ajali hii haikutokana na mwendo kasi. Kijana alikuwa anakwenda polepole kuliko wote. Haikutokana na ukungu wala baiskeli ya kukodi. Ilitokana na kiraka, aina ya breki na tabia ya mkono mmoja, vitu vitatu ambavyo kila kimoja peke yake kingepita salama. Ukitaka kuiga safari hii na una baiskeli ya breki za rimu, weka tyubu mpya, fundisha breki ya mbele kwenye uwanja wa shule kabla ya kwenda mlimani, na simama kupoza rimu kila unapokuta pa kusimama. Au panda mlima kwa baiskeli na ushuke kwa gari. Hakuna aibu hapo, ingawa vijana hawatakuelewa.

Popo wa dada

Muheza tulinunua machungwa, hakuna anayepita Muheza bila machungwa, na jioni tukaingia Tanga. Usiku ule hotelini mjadala ulikuwa popo.

Dada hakuwa anazua. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya aliingia pango la Kitum, Mlima Elgon, akaugua na kufa kwa homa ya Marburg. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki wa miaka 15 aliingia pango hilo hilo, naye akafa. Mwishoni mwa 2007 na katikati ya 2008, watalii wawili waliotembelea pango la chatu magharibi mwa Uganda, Mmarekani na Mholanzi, walipata Marburg, Mholanzi alifariki. Popo waliohusishwa na virusi hivyo ni popo wa matunda wa Misri, ambaye hupenda kulala mapangoni kwa maelfu. Na Kagera kwetu ilipata milipuko ya Marburg mwaka 2023 na tena 2025. Kuna pia kuvu wanaoota kwenye kinyesi cha popo. Vumbi lake likivutwa ndani huleta ugonjwa wa mapafu.

Shemeji alisema Elgon ni mbali na Tanga na wanafunzi wa shule wanaingia Amboni kila mwaka. Yote mawili kweli. Dada alijibu kwamba hajasema tusiende, anasema twende kwa masharti. Barakoa kwa kila anayeingia. Mikono mirefu. Hakuna kushika kuta bila sababu, hakuna kula wala kunywa ndani, kunawa kwa sabuni mtu akitoka tu. Kijana asiingize kidonda pangoni: bandeji mpya, na glovu juu yake. Mdogo ana pumu, kwa hiyo abaki nje. Naona huu ndio ulikuwa uamuzi bora wa safari nzima. Hofu yake aliigeuza kuwa orodha ya vitu vya kununua duka la dawa, na vyote vilipatikana kwa bei ya soda chache.

Mapango yenyewe yako kilomita kama 8 kaskazini mwa jiji, unaacha barabara ya Horohoro na kuingia njia ya vumbi. Ni mawe ya chokaa ya enzi za Jurasi, yenye miaka inayokadiriwa kuwa milioni 150. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni kwenye udongo, yanakuwa na uchachu mdogo, na uchachu huo hula jiwe la chokaa taratibu hadi panakuwa ukumbi. Matone yanayobaki darini huacha chokaa yake na kuning'iniza yale mawe yenye sura. Eneo lilikuwa la kampuni ya mkonge ya Amboni, mwaka 1922 serikali ya Kiingereza ikaarifiwa na baadaye likalindwa, na mwaka 1963 Serikali ikalichukua kama urithi. Mapango ni 10, wageni huingizwa kwenye moja. Simulizi za kwamba linatokea Mombasa au Kilimanjaro, na mbwa aliyepotelea humo akaibukia mlimani, utazisikia tu. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliofika 1994 walikuta lililo refu kuliko yote lina mita 900. Watoto waliipenda zaidi habari ya mbwa.

Tulibeba na majaketi, kwa sababu shemeji alisoma mahali kwamba mapangoni ni baridi. Ya Ulaya ni baridi. Hewa ya pango hufuata wastani wa joto la mwaka wa mahali lilipo, na wastani wa Tanga ni nyuzi kama 26. Ongeza unyevu na barakoa. Majaketi yalibaki mikononi mwa bibi.

Aliyekataa na asiyeulizwa

Mwongozaji wa Amboni, mtu mzima kidogo, alimwamkia bibi kwanza. "Shikamoo mama. Karibu, kuna ngazi, nitakushika mkono."

"Marahaba mwanangu. Mimi siingii."

"Bibi, unaogopa?" mdogo akadakia.

"Siogopi. Humu watu wanakuja na shida zao, wanaomba, wanaacha sadaka. Mimi leo sina shida, sina sadaka. Naingia kufanya nini, kuchungulia?"

Mwongozaji akainamisha kichwa, hakusema neno la kumshawishi. Kuna sehemu pale ambayo wenyeji wanaiheshimu kama mzimu hadi leo, na watu hutoka mbali kuja kuomba uzazi, kazi, afya. Huhitaji kuamini ili uone kwamba jibu la bibi lina mantiki kamili: aliulizwa, akatoa sababu, akaheshimiwa, akakaa kivulini na mjukuu wake. Hofu yake, kama ilikuwa hofu, ilikuwa na mlango wa kutokea.

Shemeji hakuwa na mlango. Alikuwa amewauliza watoto mara tatu kama wako tayari. Dada alikuwa na masharti yake. Hakuna aliyemuuliza baba, kwa sababu baba ndiye anayeuliza.

Ukumbi wa kwanza ni mpana na mwanga wa nje bado unafika. Watoto walionyeshwa jiwe lenye umbo la Mlima Kilimanjaro, wakalitafutia kilele. Halafu njia inabana. Kuna mahali unainama, mahali unapita ubavu, mahali unakwenda kwa magoti na viganja. Kijana alipita kwa mkono mmoja. Binti akapita. Shemeji alikuwa nyuma ya dada, mimi nyuma yake, na niliona viatu vyake vimesimama.

Mbele, mwongozaji alifanya kile ambacho waongozaji wengi wa mapango hufanya: aliwaomba wazime tochi ili waone giza la kweli. Watoto wakashangilia. Nilichosikia mimi ni pumzi ya shemeji, fupifupi, ya mtu anayekimbia akiwa amesimama. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Washa. Washeni taa."

Yule mwongozaji alinivutia sana pale. Hakucheka, hakusema "kaka usiogope." Aliwasha, akaelekeza mwanga chini kwenye miguu ya shemeji, siyo usoni. "Kaka, tazama mwanga wangu. Njia ya nyuma iko wazi, ndugu yako yuko hapo. Toa pumzi yote kwanza." Kutoa, siyo kuvuta, aliyeshikwa na taharuki huwa amejaza kifua na anaendelea kujaza. Kisha akatugeuza wote, na watoto wakiwemo, mpaka kwenye mwanga. Alikuwa mwongozaji mmoja, na huwezi kuligawa kundi ndani ya pango ukamwacha mtu bila anayeijua njia. Shemeji akatoka, akakaa kwenye gogo karibu na mama yake. Baadaye mwongozaji akarudi ndani na dada na watoto, mimi nikabaki.

Ndipo shemeji akatueleza. Miaka ya nyuma aliwahi kukwama kwenye lifti ya jengo moja Kariakoo, umeme umekatika, watu wamejaa. Toka siku hiyo anapanda ngazi. Dada, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alidhani anapanda ngazi kwa ajili ya mazoezi.

Bibi alimpa maji, akamwambia, "Ungekaa na mimi toka mwanzo." Hakuna aliyelijadili tena, na nadhani ilikuwa sawa. Lakini kwa anayepanga safari kama hii ningependa aulize swali moja kwa kila mtu mzima, faraghani: kwenye lifti unajisikiaje? Swali la "unaogopa pango?" halifai, wengi hawajui, na baba wa watoto atasema hapana. Swali la lifti linajibika. Na atakayesita, mwongozaji aambiwe pembeni asizime taa na amfikishe kwenye ukumbi mpana tu. Pango halipungui uzuri kwa kuonwa nusu.

Watoto walitoka wananuka jasho na kinyesi cha popo, wakanawishwa kwa sabuni hadi viwikoni, barakoa zikafungwa kwenye mfuko na kutupwa.

Mchana tulikwenda Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, kumtafuta fundi baiskeli. Tanga ni jiji la baiskeli na fundi wake hana mzaha. Alitoa tairi la nyuma la kijana, akavuta tyubu, hakuhitaji hata beseni la maji. Kiraka kimoja kilikuwa kimebanduka nusu, gundi imekuwa laini na kung'aa, kando yake kingine kimeanza kukunjamana. Akapitisha kidole ndani ya tairi akitafuta mwiba kwa kutimiza wajibu. "Huu si mwiba. Hii imeiva. Mmetoka nayo wapi?"

"Lushoto."

"Na breki ya mbele hii mbona raba yake ni mpya hivi? Haijawahi kutumika?"

Kijana akaangalia pembeni. Fundi akamwamuru apande, akamtembeza mtaani akibana ya mbele kidogo kidogo kwa mkono mzima, mpaka akaacha kushtuka. Tukanunua tyubu mbili, raba za nyuma seti moja na waya mpya wa breki. Kisha fundi akaomba aione na ile nyingine, ya shemeji, iliyoshuka mlima mzima bila kulalamika. Akatoa tyubu zake zote mbili, akahesabu kwa sauti ili mwenyewe asikie: viraka sita.